Kabla hujavuka mto Ruzizi kwenda Rwanda kufanya IRM (picha ya sumaku) ya moyo

Mdogo wangu alijifungua salama, lakini mwezi wa pili baada ya kuzaa miguu ikaanza kuvimba. Usiku hakuweza kulala chali. Aliegemea mito mitatu, akihema kama mtu aliyepanda kilima cha Kadutu na ndoo kichwani. Nyumbani watu wakasema ni karuho, yaani amelishwa sumu na mtu mbaya. Tukapoteza majuma matatu kwa dawa za kutapisha, na jambo hilo linaniuma hadi leo.

Ukweli tuliuona kwenye eko, kile kipimo cha moyo cha mawimbi ya sauti, hapahapa Bukavu. Upande wa kushoto wa moyo ulikuwa umetanuka, na kila pigo ulisukuma asilimia 28 tu ya damu iliyomo, wakati moyo wenye afya husukuma zaidi ya 50. Ni ugonjwa wa misuli ya moyo unaowapata baadhi ya akina mama kuanzia mwezi wa mwisho wa mimba hadi miezi mitano baada ya kuzaa. Ndugu yangu, anza na eko, na dawa zianze. Usiuze shamba ukimbilie IRM wakati mgonjwa hajapata hata kidonge cha kutoa maji.

Kwetu IRM ilikuja baadaye, dawa zilipokuwa zimesaidia nusu tu. Daktari alikuwa na swali moja: je, ndani ya msuli kuna kovu? Eko inaonyesha moyo unavyocheza, lakini kovu huliona kwa shida. IRM hutumia sumaku, haina mionzi. Mgonjwa huchomwa dawa ya gadoliniamu mshipani, na zikipita dakika kama 10 picha hupigwa: msuli mzuri unakuwa umekwisha kuiachia ile dawa, penye kovu inabaki na pang'aa. Penye kovu, hatari ya mapigo kwenda ovyo huongezeka, na matibabu hupangwa kwa kulijua hilo. Kwa hiyo muulize daktari wako waziwazi picha itabadilisha nini. Asipokuwa na jibu, nauli hiyo inunulie dawa.

Sisi tulikwenda Kigali. Pimeni kreatinini, kipimo cha damu kinachoonyesha hali ya figo, kabla ya kuondoka, maana figo zikiwa dhaifu sana ile dawa ya picha inaweza kudhuru. Semeni mapema kama mgonjwa ana chuma chochote mwilini, au mashine ya kusaidia moyo. Nywele nazo! Za mdogo wangu zilikuwa zimebanwa kwa vipini vidogo vya chuma. Tulivichomoa kimoja kimoja kwenye benchi, wengine wakisubiri.

Lakini jambo zito ni pumzi. Mgonjwa hutoa pumzi, anaizuia sekunde 10 hadi 15, tena na tena, karibu saa nzima. Akishindwa, picha hutoka na ukungu. Tuliambiwa jioni ya kuamkia siku yenyewe. Usiku ule nilikaa kando ya kitanda nikihesabu, yeye mkono juu ya tumbo. Mara ya kwanza aliishia sita. Alfajiri akafika kumi na mbili. Ninyi anzeni juma zima kabla.

Kovu halikuonekana. Dawa anaendelea kuzimeza, na mimba nyingine hatashika kabla ya kuongea na daktari wa moyo, yeye na mumewe pamoja.