Muulize Mpiga Chapa: Kitabu cha baba, bei tatu

Swali: Shikamoo mzee wangu. Baba yetu alifariki mwaka jana akatuachia mashairi 74, ameyaandika kwa mkono kwenye kaunta buku mbili. Sisi ndugu tumekubaliana yawe kitabu. Mpwa wangu ameyachapa yote kwenye kompyuta, nami nikawaandikia wachapaji watatu wa Dar es Salaam kwa WhatsApp: "Habari, nataka kuchapa kitabu cha mashairi, karatasi 92, nakala 500, jalada zuri la rangi. Naomba bei." Wa kwanza kaniletea shilingi 1,750,000, wa pili 3,200,000, wa tatu 4,600,000. Kaka anasema tumpe kazi wa kwanza. Mimi naogopa. Nani hapa anataka kutuibia? Nimekuambatishia picha za kotesheni zote, za baadhi ya mashairi (mengi ni ya beti 12), na picha ya baba akiwa na kofia tunayotaka iwemo kitabuni.
*Binti wa Mshairi, Tanga*

Jibu: Marahaba binti yangu, na poleni sana kwa kuondokewa na mzazi. Nimezisoma kotesheni zako mara mbili na sijaona mwizi. Nilichoona ni vitabu vitatu tofauti. Wa kwanza kaandika "A5, kurasa 92, pini". Wa pili kaandika "A5, kurasa 184, gundi". Wa tatu naye kurasa 184 na gundi, lakini ukubwa ni A4, na ndani yake katia gharama ya kupanga kurasa na kubuni jalada. Kila mmoja katia bei kitabu alichokiona kichwani mwake, na cha baba yako hakimo.

Nimekaa miaka 22 kwenye meza ya kukadiria bei, katika matbaa mbili za hapa Dar. Mteja akileta ujumbe kama wako, mkadiriaji anajaza mwenyewe yote uliyonyamazia. Akiwa na hamu ya kazi anayajaza kwa vitu rahisi ili bei ivutie. Akiwa mwoga wa hasara anayajaza kwa vitu ghali. Hajakudanganya popote, wewe ndiye uliyemwachia nafasi.

Tuanze na neno "karatasi", maana limeshagombanisha watu wengi. Karatasi moja ina kurasa mbili, mbele na nyuma. Sisi kwa mazoea tunasema karatasi tukimaanisha ukurasa, na tunasema ukurasa tukimaanisha karatasi. Kuna kikundi kimoja kilituletea kazi ya "kijitabu cha karatasi 60" kwa ajili ya mkutano wao mkuu. Tukakadiria kurasa 60, wakalipa nusu, faili likaja lina kurasa 120. Bosi akasema waongeze hela, wao wakasema bei ni bei. Yakabishaniwa siku tisa. Siku ya mkutano ilifika vijitabu viko bado kwenye mashine ya kukunja, na mwenyekiti wao alisimama mlangoni kwetu akilia, mtu mzima kabisa. Mimi ndiye niliyeandika ile kotesheni, na sikumuuliza swali moja tu: kurasa au karatasi? Tangu siku hiyo sijawahi kukadiria kazi bila kuuliza.

Sasa zile 92 zako. Naamini ni karatasi za A4 zilizotoka kwenye printa ya mpwa wako, upande mmoja mmoja. Hizo hazikuambii kitabu kitakuwa na kurasa ngapi, kwa sababu kitabu hakitakuwa A4. Hapa nakuomba utulie nami kidogo, maana hapa ndipo hela nyingi zilipo.

Chukua A5, yaani milimita 148 kwa 210, nusu ya A4. Kwa mashairi ya baba yako ndiyo inayofaa. Nimeona kwenye picha kwamba ameandika tarbia, mishororo minne kila ubeti, mizani 16 kila mshororo. Mshororo wa namna hiyo unakaa vizuri kwenye mstari mmoja wa A5 kwa herufi za pointi 11 (pointi ni kipimo cha wachapaji cha herufi na mistari). Mtu akikushauri upunguze gharama kwa kitabu kidogo cha mfukoni, A6, mkatalie. Mishororo itavunjika, kina cha mwisho kitaangukia mstari wa chini peke yake, na anayeghani atapoteza mahadhi. Baba yako alihesabu mizani ile kwa vidole.

Kisha nafasi kati ya mistari. Ukurasa wa A5, ukiacha pambizo za kawaida, una kama milimita 170 za kuandikia kutoka juu hadi chini. Mistari ikiachana pointi 15, zinaingia beti 5 kwenye ukurasa wenye kichwa cha shairi, na 6 kwenye ukurasa unaofuata. Shairi la beti 12 litachukua kurasa tatu, na ule wa tatu utakuwa na ubeti mmoja tu, mpweke, chini yake kweupe. Mistari ikiachana pointi 14, zinaingia beti 6 hata kwenye ukurasa wenye kichwa, na shairi lote linakaa kurasa mbili, 6 na 6, kushoto na kulia, msomaji analiona zima bila kufunua.

Umesema mengi ni ya beti 12. Tuchukulie yote 74 ni hivyo. Kwa kurasa tatu tatu ni 222, ongeza 12 za jina la kitabu, yaliyomo na dibaji, zinakuwa 234. Kwa kurasa mbili mbili ni 148, ongeza hizo 12, unapata 160. Kurasa za ndani kwenye mtambo wa ofseti, ule unaochapa kwa pleti (vibao vya kuchapia), huchapwa kwa mafungu, mara nyingi fungu la kurasa 16, kwa hiyo 234 itapanda hadi 240, wakati 160 ni mafungu 10 kamili. Pointi moja tu kati ya mistari imekuongezea au kukupunguzia kurasa 80 katika kila nakala, mara nakala 500. Ndiyo maana nakusihi: mtafute mpangaji kurasa kwanza, mlipe kazi yake, ndipo uombe bei ya kuchapa. Kuomba bei kabla ya kupanga ni kumuuliza fundi bei ya shati bila kujipima.

Mengine ni mepesi. Karatasi ya ndani iwe gramu 80, yaani uzito wake kwa kila mita ya mraba. Ya gramu 60 ni nyembamba, maandishi ya nyuma yanaonekana mbele, na mashairi yana nafasi nyingi nyeupe za kuyafichua. Krimu hupumzisha macho kuliko nyeupe. Wino mweusi tu ndani. Ile picha ya baba akiwa na kofia ichapwe ndani kwa rangi nyeusi na nyeupe, au iwekwe kwenye jalada ambalo tayari lina rangi nne, yaani rangi kamili. Ukiiacha na rangi zake ndani, fungu zima linaweza kukokotolewa upya. Na usiitume kwa WhatsApp kama picha, inasagwa. Itume kama dokumenti, iliyoskaniwa kwa doti 300 kwa inchi.

Jalada liwe gramu 300 na laminesheni (utando wa plastiki) isiyong'aa upande wa nje. Pini za wa kwanza zikatae: kurasa 160 ni karatasi 40 za A4 zilizokunjwa katikati, na zikipigwa pini hazilali, kitabu kitabaki kinywa wazi. Omba gundi yenye mgongo bapa, na omba pia bei ya kushonwa kwa uzi kabla ya gundi. Kitabu cha familia kitapita mikono ya wajukuu, na gundi peke yake, fundi akiharakisha, huanza kuachia kurasa. Kushonwa kutaongeza hela. Kama mnaweza, ongezeni hapa kuliko kwenye urembo wa jalada.

Mbuni wa jalada asianze kabla karatasi haijachaguliwa. Karatasi 80 za gramu 80 zina unene wa takriban milimita 8, huo ndio mgongo wako. Jalada likifunguliwa ni 148 na 8 na 148, yaani milimita 304 kwa 210. Ongeza 3 kila upande za kukatia, faili liwe 310 kwa 216. Unene hutofautiana kwa aina ya karatasi, kwa hiyo mchapaji akuthibitishie mgongo kwa maandishi. Nimeona majina ya waandishi yakiangukia kwenye kona ya mgongo, nusu huku, nusu kule.

Ukishayajua hayo, watumie wote watatu ujumbe mmoja, bila kubadilisha hata neno. Nakuandikia mfano, wewe urekebishe idadi ya kurasa baada ya kupanga:

*"Naomba kotesheni ya kitabu cha mashairi. Ukubwa A5, wima. KURASA za ndani 160 (yaani karatasi 80), wino mweusi pande zote mbili, karatasi ya krimu gramu 80. Kama krimu haipo, semeni, mkadirie nyeupe gramu 80. Jalada gramu 300, rangi nne nje tu, laminesheni isiyong'aa. Mgongo bapa wa gundi. Bei ya kushonwa uzi iandikwe pembeni. Nakala 300, 500 na 1,000, kila idadi na bei yake. Tunaleta PDF iliyokamilika, kupanga na kubuni si kazi yenu. Tunahitaji prufu (nakala ya majaribio) moja ya karatasi, na hamtachapa kabla hatujaisaini. Vitabu vifungwe 20 kila pakiti. VAT kivyake, usafiri hadi Tanga kivyake. Semeni siku za kazi kuanzia prufu inaposainiwa, na bei hii inadumu hadi lini."*

Idadi tatu nimeziweka kwa makusudi. Kwenye ofseti gharama kubwa ni pleti na kuutayarisha mtambo, nayo utailipa uchape 100 au 1,000. Nakala za nyongeza ni karatasi, wino na mikono tu. Mchapaji wa dijitali hana pleti, kwa hiyo kwenye 300 anaweza kuwa rahisi, na kwenye 1,000 akaachwa mbali. Ukiziona bei zote tatu mbele yako, wewe na kaka mtaamua mkiwa na hesabu.

VAT usiipuuze. Kwa kiwango cha kawaida cha asilimia 18, juu ya milioni tatu ni shilingi 540,000, na mara nyingi bei inayoonekana ndogo ni ile ambayo VAT imeachwa nje. Usafiri nao una hesabu yake: karatasi ya A5 ya gramu 80 ina uzito wa gramu 2.5, kwa hiyo kitabu chako pamoja na jalada ni kama gramu 220, na vitabu 500 ni kilo 110 hivi. Hizo ndizo kilo utakazomtajia mtu wa mizigo wa basi.

Kama mnataka kiuzwe madukani au kiingie maktaba, ombeni ISBN, namba ya utambulisho wa kitabu, kutoka Bodi ya Huduma za Maktaba Tanzania mapema, maana namba inatakiwa iwepo kabla jalada halijafungwa. Na prufu ikija, msiisome kwenye simu. Kaeni ndugu wote, mmoja aghani kwa sauti kutoka kaunta buku, mwingine afuate kwenye prufu kwa kalamu. Sikio litakamata mizani iliyopotea pale jicho lilipopita.

Swali: Mzee, mimi ni mweka hazina wa kamati ya harusi. Tulichapa kadi 400 za michango, nzuri, za mraba, lakini hakuna bahasha dukani inayozipokea. Sasa tunataka za mwaliko. Tufanyeje tusirudie?
*Mweka Hazina, Dodoma*

Jibu: Pole ndugu yangu. Anza na bahasha, kadi ifuate. Bahasha ya C6 ni milimita 114 kwa 162 na inapokea kadi ya A6, milimita 105 kwa 148, au A5 iliyokunjwa mara moja. Kadi ya mraba mara nyingi huhitaji bahasha ya kutengenezewa, kwa hiyo mkiitaka, bei ya kadi na bahasha iombwe pamoja. Semeni kama majina ya waalikwa yanachapwa au mtayaandika kwa mkono, maana kuchapa jina tofauti kila kadi ni kazi nyingine. Mkiyaandika wenyewe, sehemu ya jina isipigwe laminesheni. Wino wa kalamu haushiki pale.