Mpwa wangu, hiyo meseji ya jeshi la Marekani achana nayo

Voisi zako zote nne nimezisikiliza. Ya mwisho nimeisikiliza kwenye maegesho ya kazini alfajiri, nimetoka shifti, vidole vimekufa ganzi kwa baridi, nikajikuta nacheka peke yangu kama chizi. Eti anko fanya mpango, jeshi la Marekani linachukua wanaojua Kiswahili, miezi michache tu unapewa uraia na mshahara wa dola, na kuna jamaa yuko Dar anakusanya majina pamoja na hela ya fomu. Halafu ukamalizia na kale kaneno, "au anko hutaki na sisi tutoke?" Hako kaneno kameniuma. Ndio maana nakuandikia badala ya kupiga, maana nikipiga nitafoka, mama yako atachukua simu, na maneno yataishia hapo. Wasomee na wenzako wa kijiweni hapo Barabara ya 12, najua hiyo meseji haikuja kwako peke yako.

Kwanza hiyo meseji ina ukweli ndani yake, ndio uliowanasa. Kulikuwa na mpango kama huo kweli, ulianza 2009 hivi, jeshi lilikuwa linatafuta watu wa lugha wasizokuwa nazo, na Kiswahili kilikuwemo kwenye orodha, pamoja na Kisomali na Kihausa na nyingine nyingi. Lakini ulikuwa wa watu waliokwishaingia humu kihalali, wanafunzi na wengineo, sio mtu wa Ngamiani hapo Tanga ananyanyua simu. Na 2016 wakaufunga, watu kibao wakabaki wananing'inia, wamekula kiapo, wanasubiri kuchunguzwa miaka, wengine wakatolewa bila uraia wowote. Leo ukitaka jeshi la hapa uwe na grinikadi, kile kibali cha kuishi huku moja kwa moja, na uwe humu humu. Na fomu hawauzi. Hakuna jeshi linalouza fomu ya kwenda kufa.

Sasa nikwambie nisilowahi kumwambia hata mama yako. Mimi nilikaribia kusaini.

Ilikuwa 2006, nina miaka 36, nimeshafika Minnesota mwaka na kitu, na grinikadi yangu ya bahati nasibu ya viza ninayo mfukoni, naosha wazee usiku na mchana nabeba maboksi, na bado hela ya kutuma nakopa. Kwenye jengo moja la maduka kulikuwa na ofisi ya kuandikisha wanajeshi, kajamaa kamenyooka, viatu vinang'aa, kananiita "sir". Miezi yote niliyokaa hapa hakuna mtu aliyekuwa ameniita hivyo, nisikufiche, lile neno lilinilevya kuliko hela. Na hela yenyewe si mchezo, mwaka ule bonasi ya kujiunga ilikuwa inafika mpaka dola 40,000. Umri nao walikuwa wameupandisha, zamani mwisho 35, mwaka ule wakasogeza mpaka 40, haikutosha wakasogeza mpaka 42. Mimi mshamba nikafurahi, nikaona Mungu kanifungulia mlango. Sikujiuliza kwa nini jeshi tajiri kuliko yote duniani linahangaika na mzee wa miaka 36 mwenye goti bovu. Walikuwa hawapati watu, bana. Vita ya Iraki ilikuwa inaingia mwaka wa nne, waliosema itaisha haraka walikuwa wameshanyamaza, na wenye watoto walikuwa wanawaficha.

Uraia nao ulikuwa kweli. Julai 2002 Bush alisaini amri kwamba asiye raia akiwa jeshini anaweza kuomba papo hapo, bila kusubiri miaka kama sisi wengine. Kuna kijana mmoja alikuwa anaitwa José Antonio Gutierrez, mtoto wa mitaani wa Guatemala, aliingia humu kwa njia za panya, akapata makaratasi, akajiunga. Tarehe 21 Machi 2003, vita ina siku mbili tatu, akauawa. Ni katika Wamarekani wa mwanzo kabisa kufa Iraki, na hakuwa Mmarekani. Uraia wake ulitoka akiwa ameshakufa.

Nikachukua karatasi nikasema nitarudi Jumatatu. Sikurudi, na usidhani ni ushujaa. Wiki ile kazini walituletea mgonjwa mpya.

Nyumba ya wazee, unaelewa, wote miaka 80 na kuendelea, halafu kwenye kitanda cha dirishani wanalaza kijana wa miaka 24. Alikuwa Gadi ya Taifa, wale wa jeshi la akiba wenye kazi zao za kawaida, yeye alikuwa anauza matairi. Bomu la barabarani. Mikono na miguu alikuwa nayo yote, ubongo ndio ulitikisika. Mpira wa mkojo, mpira wa chakula, baadaye akaanza kumeza uji kidogo kidogo. Mimi ndiye nilikuwa namgeuza kila baada ya saa mbili asipate vidonda, mimi namfunga pampasi, na alikuwa anaona aibu kuliko wazee, anageuzia uso ukutani anasema samahani. Kila siku samahani. Wazee wanatukana, wananiita majina ambayo mama yako asiyasikie, huyu mtoto anaomba samahani. Nikimsukuma kwenye kiti cha magurudumu nje, akiona mfuko wa taka pembeni ya njia anashika breki kwa mkono, hatupiti hapo, tunazunguka. Nami nazunguka naye kwenye theluji kwa sababu ya mfuko wa taka.

Mama yake alikuwa anakuja kila jioni akitoka kazini, anapika kwenye kantini ya shule. Hatukuwa na maneno mengi.

Sasa kuna daraja la Lake Street, linavuka mto Mississippi kutoka Minneapolis kwenda St. Paul, basi langu namba 21 lilikuwa linapita pale. Kila Jumatano jioni nilikuwa naona wazee wa kizungu wamesimama na mabango kupinga vita, jua, mvua, barafu mpaka kwenye nyusi. Wameanza kusimama pale tangu 1999, vita ya Kosovo, na vita zikaja nyingine nao wakaendelea. Mimi nilikuwa nawacheka, wazungu wana muda. Watu wazima wanashika karatasi kwenye baridi ile, anayewasikia nani? Jumatano moja basi limekwama kwenye foleni, nachungulia dirishani, namwona mama wa yule kijana. Hana bango la maneno. Kashika picha ya mwanawe na magwanda, basi. Macho yetu yakakutana, akaangalia pembeni kama nimemkuta anaiba.

Usiku ule akaniambia kanisani kwake wamemnunia. Wanasema anamsaliti mtoto wake. Akaniuliza mimi ninayemsafisha kama naona amemsaliti. Sikumjibu. Mgeni na grinikadi yake, ningejibu nini.

Julai 2007 wenzake yule kijana wakarudi, Gadi ya Minnesota, kama 2,600 hivi. Walikuwa wamekaribia kurudi mapema mwaka ule, Washington wakaamua kuongeza majeshi, wakaambiwa bado. Miezi 22 jumla tangu waitwe, hakuna kikosi kingine kilichopigishwa vita ile muda mrefu hivyo kwa mkupuo mmoja. Mapokezi, bendera, riboni za njano kwenye miti. Haijapita hata wiki mbili tatu, tarehe 1 Agosti, siku hiyo nayo Jumatano, nimepita kwenye daraja letu kama kawaida, wazee wangu wapo, nikafika kazini. Saa kumi na mbili na dakika tano jioni daraja jingine juu kidogo ya mto ule ule, la barabara kuu ya I-35W, likaanguka lote mtoni na magari yake. Watu 13 walikufa, waliojeruhiwa zaidi ya 100. TV zote zinaonyesha, manesi wanalia wanapigia waume zao. Nikaingia chumbani kwa kijana, TV yake imewashwa, anatazama tu. Akaniuliza, taratibu, maneno yalikuwa yanamtoka moja moja: "Nani kalilipua?"

Nikamwambia hakuna, limeanguka lenyewe.

Akaniangalia kama namdanganya. Akauliza tena nani kalilipua. Mara tatu. Mpaka nikazima TV.

Wataalamu walikuja kusema kosa lilikuwa la vile vibao vya chuma vinavyounga nguzo, vilisanifiwa vyembamba tangu miaka ya 60, na siku ile kulikuwa na mizigo ya ujenzi juu yake. Sawa, sibishani na mainjinia. Lakini lilikuwa kwenye orodha ya madaraja mabovu tangu 1990 na lilikuwa linapewa viraka, na wakati huo huo hela za madaraja ya Baghdad zinapatikana. Sio maneno ya basi la 21 tu, 2011 mameya wa miji ya Marekani walikutana Baltimore wakapitisha azimio kwamba vita ziishe na hela zirudi nyumbani zijenge huku.

Na hapa ndipo ninapotaka unielewe. Wewe hukuwepo wakati wa Kagera, mimi nilikuwa na miaka 8. Amin alituingilia, tukapigana, tukafika Kampala Aprili 1979, halafu Mwalimu akatuambia tufunge mkanda miezi 18. Ule mkanda ulifungwa na kila mtu. Bibi yako ananipanga foleni duka la ushirika tangu alfajiri, sabuni hakuna, sukari hakuna, na mtoto wa mkubwa fulani unamkuta naye kapanga. Labda alikuwa na ya mlango wa nyuma, sikatai. Na miezi 18 ikawa miaka, mkanda haukufunguliwa. Lakini vita tuliijua, iliingia mpaka kwenye chai.

Huku sivyo. Vita ya Iraki imeanza Machi 2003, Mei mwaka ule ule Bush kawapunguzia watu kodi. Umeona wapi? Vita ya mkopo. Maduka yamejaa, mpira unachezwa, hakuna aliyekosa sukari. Wasomi wa chuo cha Brown walijumlisha gharama za vita zote hizi za miaka 20, Afghanistan, Iraki na kwingineko, wakapata dola trilioni 8, na humo wamehesabu riba na matibabu ya waliorudi yatakayoendelea miaka mingi mbele. Wanajeshi waliokufa vitani kama 7,000, waliojiua baada ya kupitia jeshi enzi hizo zaidi ya 30,000. Wenyeji wa huko, Wairaki na Waafghani, ni mamia ya maelfu, na majina yao sijawahi kuyaona kwenye riboni yoyote. Mkanda huku wamefungwa wachache: anayekwenda, mama yake, na sisi tunaowaosha. Wewe ndiko unakotaka kulipia fomu ukaingie.

Najua utaniambia anko unapinga vita lakini nyumba ya bibi ina bati jipya. Ndiyo. Lile bati ni shifti za ziada za chumba kile cha dirishani, matibabu ya yule kijana serikali ilikuwa inalipa, na mimi nililipwa humo humo. Hesabu hiyo nimeshaifanya usiku mwingi, usinifanyie wewe.

Mama yake nilisimama naye mara moja tu. Septemba 2008, chama cha Republican wanafanya mkutano wao St. Paul, watu maelfu wakaandamana kupinga vita. Nikasimama pembeni, kofia usoni, mfukoni grinikadi tu, uraia bado, naogopa kamera. Alinipa ile picha nimshikie afunge kamba ya kiatu. Nimeishika dakika mbili. Hiyo ndiyo siasa yangu yote ya Marekani.

Sisemi usije. Ukipata njia ya halali njoo hata kesho, chumba kipo, usiikatae ukasema anko kanitisha. Lakini usije Januari. Na usije kuosha watu kama huwezi kunyamaza ukitukanwa. Bora ukae umalize veta yako ya umeme, fundi umeme hapa analipwa mara mbili kuliko mimi. Au usikae, sijui, kama na mimi ningesikiliza wakubwa ningekuwa bado napanga matofali Pongwe. Ila bunduki ya mtu mwingine hapana. Na huyo jamaa akija kuwabadilishia aseme basi Marekani imeshindikana kuna Urusi, mkimbie. Kuna Mtanzania mwenzetu alikwenda kule kusoma, akafungwa jela, akakubali kupigana ili aachiwe, Oktoba 2022 akafia Ukraine. Wamemrudisha kwenye sanduku.

Ile picha ya pasipoti uliyonitumia nimeifuta. Na umesema fomu ni laki tatu, hukusema kama umeshalipa. Kama bado, hiyo hela ni ada ya veta, kalipe Jumatatu unitumie risiti. Kama umeshawapa niambie usinifiche, mama yako hatajua, Ijumaa napokea.