Ukifika ugenini, anza na baa ndogo ya mtaani

Mdogo wangu unayetoka Arusha kwenda kusoma au kufanya kazi nchi ambako watu wa jinsia moja wanapendana bila kuogopa jela, wenyeji watakuelekeza kwenye klabu kubwa zenye foleni mlangoni na muziki wa kupasua masikio. Nenda ukipenda. Ila mimi nakushauri uanzie baa ndogo ya wapenzi wa jinsia moja, ile ambayo saa kumi na moja jioni ina wazee wachache kaunta na mmoja wao anasoma gazeti.

Nimeishi San Francisco, najua ninachokisema. Klabuni unatakiwa upendeze, ucheze, uonekane. Baa ya mtaani haikudai chochote. Ni kama grosari ya Sakina au Njiro, ambako dada wa kaunta anauliza “baridi au moto?” huku mkono umeshafika kwenye bia yako. Tofauti ni kwamba kule sikuwa na haja ya kuchuja maneno. Mtu akiniuliza naishi na nani, nilimjibu. Sisi ambao kila Desemba tukipanda Moshi mashangazi wanatuuliza mke yuko wapi, tunajua jinsi kazi ya kujichunga inavyochosha. Unaizoea mpaka unasahau kwamba umechoka. Jioni moja ya mazungumzo ya kawaida, ya mpira, kodi ya nyumba, mama anaumwa goti, inakupumzisha kuliko usiku mzima wa kucheza.

Mimi nilipenda Twin Peaks Tavern, kwenye kona ya mitaa ya Castro na Market. Mwaka 1972 wanawake wawili, Mary Ellen Cunha na Peggy Forster, waliiwekea madirisha makubwa ya kioo. Zamani baa kama hizo zilijificha, kwa sababu polisi walizivamia, na mtu akionekana humo angeweza kufukuzwa kazi. Hata kuuziwa kinywaji ilikuwa shida: tarehe 21 Aprili 1966, katika baa ya Julius' huko New York, wanaume wa Mattachine Society, chama cha kutetea wapenzi wa jinsia moja, walijitambulisha waziwazi, na mhudumu akafunika glasi kwa kiganja asiwahudumie. Ukikaa pale dirishani huku watu wa tramu wanakuona, kumbuka kuna waliolipia kiti hicho.

Nenda siku ya kazi, mapema. Kaa kaunta, si mezani, maana kaunta ndiyo inayoleta mazungumzo. Kama hunywi pombe agiza soda, hakuna atakayekushangaa. Marekani mwachie mhudumu dola moja au mbili kwa kila kinywaji, kwa kuwa anategemea bakshishi hizo. Usipige picha za watu. Na wazee wasikilize! Wapo waliozika marafiki miaka ya 1980, UKIMWI ulipofyeka mitaa hiyo, na wanasimulia taratibu ukiwapa nafasi. Mengi ninayoyajua kuhusu kutunza marafiki nimeyapata kwao.

Ukirudi nyumbani, mambo ni mengine. Kifungu cha 154 cha Kanuni ya Adhabu kinatoa kifungo cha maisha, na kwa vyovyote si chini ya miaka 30. Kwa hiyo hapa Arusha usitafute baa ya namna hiyo. Mtu usiyemjua akikualika mtandaoni kwenye “sehemu yetu”, usiende, hata akitaja watu unaowafahamu. Wengine wanatega ili wakutishe na kukutoza hela. Marafiki wawili watatu mnaoaminiana, mkipika ndizi nyama kwa mmoja wenu Jumapili mchana, wanatosha kabisa, na mazungumzo ni yale yale ya kaunta.

Na kabla hujapanda ndege ya kurudi KIA, futa picha na mazungumzo kwenye simu, ukianza na yale yenye sura na majina ya wenzako.