Mashine kuukuu ya kupukuchua mahindi: jua kwanza punje zinapopotelea

Mashine ikianza kuacha punje kwenye magunzi, waendeshaji wengi hukimbilia kuongeza resi. Wanalipwa kwa gunia, kwa hiyo mwendo huwapendeza. Nimeendesha na kutengeneza mashine hizi huku Mbozi kwa misimu mingi, na nawasihi wenzangu: kabla ya kugusa resi au spana, jueni punje zinapotea wapi.

Kuna punje zinazobaki kwenye gunzi, kuna zinazopeperushwa na feni pamoja na makapi, na kuna zinazoingia kwenye gunia zikiwa vipande. Tandika turubai mbili, moja magunzi yanapotokea, nyingine feni inapopulizia. Pukuchua gunia moja tu, zima injini, kaa chini uchambue. Hindi zuri lina punje kama 400. Ukikuta 20 bado zimeng'ang'ania gunzi, umeacha asilimia 5, yaani gunia moja katika kila 20. Mkulima aliyekopa fedha za mbolea hastahili kuliacha gunia hilo kwenye lundo la magunzi.

Punje zikibaki kwenye gunzi, pima unyevu kwanza. Tia chumvi iliyokauka vizuri na punje kwenye chupa ya kioo iliyo kavu, tikisa, uiache itulie kidogo. Chumvi ikiganda kwenye kioo, mahindi bado yana unyevu wa zaidi ya asilimia 15, yaanike. Kama ni makavu, angalia mkanda. Mkanda uliolegea huteleza mzigo ukizidi, ngoma, yaani silinda yenye meno inayopukuchua, inapoteza nguvu, na hapo ndipo mtu huongeza resi bure.

Halafu njoo kwenye nafasi kati ya ngoma na wavu wa chuma ulio karibu nayo. Magunzi ndiyo yatakayokuambia. Yakitoka mazima au yamekatika vipande viwili na hayana punje, usiguse kitu. Yakitoka yamepasuka kwa urefu au yamesagika, wavu umebana mno, na punje nazo zinavunjika. Mashine nyingi za zamani hazina skrubu ya kurekebisha wavu. Legeza nati, ongeza au punguza washa (vile vipete bapa vya chuma vinavyokaa kwenye bolti), pande zote mbili sawasawa.

Meno ya ngoma ndiyo yanayosahaulika kuliko vyote. Yakilika na kuwa mviringo hayashiki tena hindi. Fundi wa kuchomelea akiweka jipya, apime uzito na lile la upande wa pili, la sivyo ngoma itatetemeka na kula beringi.

Punje zikiwa nyingi kwenye turubai ya feni, punguza tundu la hewa kidogo kidogo hadi makapi machache yaanze kuonekana kwenye gunia, kisha rudisha nyuma kiasi.

Vipande vikizidi, sasa ndiyo uangalie mwendo. Injini ya mizunguko 2,200 kwa dakika yenye puli ya inchi 5, ikivuta puli ya inchi 15, huzungusha ngoma mara 733. Weka puli ya inchi 18, itashuka hadi 611. Linganisha na mwendo ulioandikwa kwenye kibati cha mashine kama bado kinasomeka. Pia lisha mfululizo: ngoma yenye mahindi machache huzipiga punje chuma kwa chuma.

Badili kitu kimoja kwa wakati, injini ikiwa imezimwa, kisha rudia jaribio la turubai kwa mahindi ya shamba lilelile.

Vipande, nivitazamavyo mimi, si hasara ya uzito peke yake. Punje iliyopasuka ni mlango wa kuvu, na mwaka 2016 sumukuvu iliua watu Dodoma na Manyara. Chekecha vipande, uvitenge na mahindi ya ghalani, na hizo punje nzima usizifungie kwenye gunia kabla unyevu haujashuka hadi asilimia 13.5.