Maswali ya wanaoanza kuchora: kivuli, mguso na hiyo rangi nyeusi

Maswali yamekuwa mengi, nimechukua matano, hasa yale yanayojirudia rudia.

Mwalimu, niko senior two Jinja, vipengele vya sanaa ni vingapi?

Saba: mstari, umbo, umbo lenye ujazo, rangi, toni (yaani mwanga na giza), mguso, na nafasi. Ila usikariri tu mtoto wangu, chora kikombe cha chai kilichoko mbele yako, utakutana navyo vyote kabla chai haijapoa.

Umbo na umbo lenye ujazo si kitu kimoja tu? Niko Kumi.

Si kimoja, na wewe wa Kumi jibu liko hapo hapo kwenu. Nenda kwenye miamba ya Nyero uangalie ile michoro myekundu, miduara ndani ya miduara. Mduara ule una urefu na upana basi, hauna mgongo, hilo ni umbo. Alafu siku ukifika Kampala pita kwenye Mnara wa Uhuru wa Gregory Maloba, wa 1962, yule mama aliyeinua mtoto juu, uuzunguke polepole, kila hatua mbili unaona kitu kipya na kingine kinajificha. Huo ndio ujazo. Kwenye karatasi unaupata kwa toni, mduara ukiutia kivuli upande mmoja unakuwa chungwa.

Nachora mabango ya saluni hapa Arua. Nikitia nyeusi kupata kivuli rangi inakufa, nifanyeje?

Ndugu yangu, hii nyeusi imeua picha nyingi sana, mimi mwenyewe ilinisumbua miaka. Njano ukiichanganya na nyeusi haiwi njano ya kivulini, inageuka kijani kichafu, jaribu kwenye kipande cha mbao uone. Rangi za msingi ni nyekundu, njano na bluu, na kila rangi ina mpinzani wake, njano kwa zambarau, nyekundu kwa kijani, bluu kwa rangi ya machungwa, kwa hiyo ukitaka rangi itulie unaichanganya na mpinzani wake kidogo tu, ncha ya brashi, sio kijiko. Kivuli cha ndizi mbivu kitie zambarau, cha mkungu wa matooke, zile ndizi za kijani za kupika, kitie nyekundu kidogo na bluu.

Na kwa vile unachora nyuso nakuomba kitu kimoja, acha kahawia ya kopo. Mkalishe mtu nje saa kumi jioni umwangalie vizuri, kwenye paji la uso panang'aa bluu ya mbingu, shavuni kuna wekundu, chini ya kidevu kuna zambarau. Ngozi yetu ina rangi nyingi jamani, tuichore hivyo. Nyeusi ibakize kwa herufi.

Mguso ni nini, na picha ikiwa laini inakuwaje na mguso? Ni mama wa Masaka.

Mama, Masaka lubugo, kile kitambaa cha gome la mti, mnaijua kuliko mimi. Gome la mti wa mutuba linapigwa na nyundo za mbao zenye mifereji mpaka linatanuka, ukipitisha kidole unasikia vile vistari vyembamba, sasa huo ni mguso halisi. Wa pili ni wa macho, ukichora hiyo lubugo kwa penseli, vistari vifupi vimebanana, huku umekandamiza huku umelegeza, jicho linaona kitu kinaparuza hata kama karatasi ni laini kabisa.

Milima yangu ya Kabale inaonekana imebandikwa, kwa nini?

Kwa sababu yote umeipa kijani kimoja. Amka asubuhi na ukungu wake uangalie, mlima wa karibu ni kijani kizito na migomba unaihesabu, wa pili umepauka, wa tatu ni bluu tu na ukingo wake hauonekani vizuri. Na ule wa mwisho tafadhali usiuzungushie mstari mweusi.