Unga wa lishe wa nafaka 15: jibu kwa mama wa mtoto wa miezi 7

Dada yangu, umeuliza kama umnunulie mwanao wa miezi 7 ule unga wa lishe unaotangazwa sana mitandaoni siku hizi, wenye mahindi, mtama, uwele, ulezi, ngano, mchele, soya, karanga, korosho, lozi, mbegu za maboga, ufuta, ubuyu, mlonge na dagaa, vyote vimesagwa pamoja. Mimi ni msagaji na muuzaji wa unga wa lishe hapa Morogoro kwa miaka kadhaa sasa, na ushauri wangu ni kwamba usiununue. Nitaeleza sababu kwa kirefu, maana nimeona waliokujibu kabla yangu wamebishana kuhusu bei tu.

Zamani mteja alikuwa akiniuliza unga umesagwa lini. Sasa swali la kwanza ni una nafaka ngapi, na muuzaji mwenye 7 anaonekana amepitwa na mwenye 12. Ushindani huo umetufikisha mahali ambapo kitu kinaongezwa kwenye mfuko ili kisomeke kwenye lebo, wakati kiasi chake hakifiki hata kijiko kimoja kwa kilo. Tena mahindi, mtama, uwele, ngano na mchele vyote ni wanga kwa sehemu kubwa, kwa hiyo kuvirundika pamoja hakumpi mtoto kitu kipya cha maana. Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba asilimia 30 ya watoto walio chini ya miaka 5 nchini wamedumaa, na mikoa iliyoongoza ni Iringa, Njombe na Rukwa, ambako mahindi yanavunwa kwa wingi kuliko sehemu nyingi za nchi hii. Watoto wale hawakukosa nafaka.

Jambo linalonitia hofu zaidi ni sumukuvu. Hii ni sumu inayotengenezwa na fangasi kwenye mazao ambayo hayakukauka vizuri au yaliyohifadhiwa penye unyevu, na mahindi na karanga ndiyo mazao yanayoathirika sana. Inashambulia ini, haionekani kwa macho, na moto wa jikoni hauiondoi. Mwaka 2004 majirani zetu wa Kenya, hasa Makueni na Kitui, walipoteza watu 125 kati ya wagonjwa 317 waliorekodiwa, kwa sababu ya mahindi. Mwaka 2016 janga kama hilo lilitupata Dodoma na Manyara, nako watu walifariki. Sasa fikiria mfuko wenye vitu 15 kutoka kwa wachuuzi tofauti: kimoja tu kikiwa kibovu, kinachafua mfuko wote, na kikishasagwa hakuna mama atakayekitambua.

Njoo uone karanga zinavyochambuliwa kabla ya kukaangwa. Unazimwaga kwenye ungo juani, unazipepeta, halafu unazipitia kwa vidole: iliyosinyaa inatoka, iliyopasuka inatoka, yenye doa la kijani au jeusi inatoka, iliyobadilika rangi ndani ya ganda lake jembamba inatoka. Kazi hiyo ya kilo chache inaweza kumla mtu asubuhi nzima. Zilizotolewa zinafukiwa au kuchomwa, hazipewi mifugo, kwa kuwa ng'ombe aliyelishwa sumukuvu huitoa kwenye maziwa, na maziwa hayo yanarudi kwa mtoto yule yule. Muuzaji mwenye vitu 15 na bei ya chini hana muda wa kufanya hivi kwa kila kimoja, na nalisema hili nikijua gharama zake.

Soya nayo ina masharti yake. Ikiwa mbichi ina kitu kinachozuia mwili kusaga protini, hivyo ni lazima ichemshwe vizuri, imenywe maganda, ianikwe hadi ikauke kabisa, ndipo ikaangwe na kusagwa. Wako wanaoipeleka mashineni ikiwa kavu kama ilivyotoka sokoni, na mtoto anaharisha, mama anadhani ni meno. Karanga, korosho na ufuta zina mafuta mengi, na zikishasagwa mafuta hayo huharibika upesi. Ndiyo maana unga uliokaa dukani unakuwa mchungu na kutoa harufu ya mafuta yaliyochacha.

Mimi ninayemtengenezea mjukuu wangu natumia mahindi kilo 2, ulezi kilo 1 na soya iliyoandaliwa nusu kilo, basi. Karanga nazitwanga pembeni kidogo kidogo na kuzitia kwenye uji wakati wa kupika. Dagaa nao, waliosafishwa na kutolewa vichwa, nawasaga peke yao na kuwaweka kwenye chupa yenye kifuniko kinachobana. Kwa njia hii, chakula kimoja kikimkataa mtoto, utajua ni kipi.

Kuna kitu cha kuongeza ambacho hakimo kwenye mfuko wowote niliouona ukitangazwa, nacho ni kimea, yaani unga wa ulezi uliochipushwa. Tumbo la mtoto wa umri huo linabeba takriban robo lita tu. Uji ukiwa mzito hawezi kuumeza, ukiongezwa maji anashiba maji. Loweka ulezi usiku kucha, uchuje, uutandaze juu ya gunia safi lenye unyevu na kuufunika, na baada ya siku mbili hivi utaona vimizizi vyeupe. Uanike hadi ukauke, usugue vimizizi vitoke, kisha usage. Usitumie mtama kwa kazi hii, kwa kuwa machipukizi yake yana sumu iitwayo sianidi. Pika uji mzito, uuache upoe kidogo, tia kijiko kimoja cha kimea na ukoroge: ndani ya dakika chache uji uliokuwa umesimama kwenye mwiko unaanza kutiririka, bila tone la maji kuongezwa. Urudishe jikoni uchemke tena, ndipo umpe. Wataalamu wa lishe wetu wanalifundisha jambo hili tangu miaka ya 1980, na inasikitisha kuona limesahaulika huku lozi zikisifiwa.

Uji huu bado ni sehemu tu ya chakula chake. Endelea kumnyonyesha, na umpe yai, maharage yaliyopondwa, mchicha, parachichi au papai kwa zamu. Asali usimtie kwenye uji mpaka afikishe mwaka mmoja. Unga usage wa wiki mbili au tatu, uuache upoe kabisa ukitoka mashineni kabla ya kuufunga, na ukiwa na swali kuhusu kuandaa soya, uliza hapa hapa nitakujibu.