Maswali na Majibu: Tupime Bunge kwa Kipimo Gani?

Barua kadhaa zimeuliza jambo moja kwa njia tofauti: Mkenya atajuaje kama Bunge linafanya kazi? Nimechagua tano.

Si inatosha kuhesabu miswada iliyopitishwa kila mwaka? (Mwanafunzi, Eldoret)

Haitoshi. Mswada unaorekebisha vifungu viwili huhesabiwa mmoja, na ule uliounda bima mpya ya afya ya jamii mwaka 2023 pia mmoja. Tena, mswada kupita bungeni si kuwa sheria. Tarehe 25 Juni 2024 wabunge waliupitisha Mswada wa Fedha, uliopendekeza kodi mpya. Siku hiyohiyo waandamanaji wakaingia majengo ya Bunge, vijana wakapigwa risasi na kufa, na kesho yake Rais Ruto akatangaza kwamba hautii sahihi. Ukihesabu iliyopita, huo umo. Ukitafuta sheria yenyewe, haipo.

Kisha kuna mahakama. Oktoba 2020 Mahakama Kuu ilibatilisha sheria 23 kwa kuwa Bunge la Taifa lilizipitisha bila kuishirikisha Seneti. Kwa hiyo hesabu kila hatua peke yake: miswada iliyowasilishwa, iliyosomwa mara ya pili, iliyopita, iliyotiwa sahihi, na iliyosimama baada ya kesi. Andika pia nani aliyeileta, serikali kupitia kiongozi wa walio wengi au mbunge binafsi. Hapo ndipo utaona kama Bunge linatunga sheria au linapokea tu za serikali.

Mbunge wetu ametajwa miongoni mwa wasiozungumza. Tumng'oe? (Mama wa duka, Busia)

Shirika la Mzalendo hutoa tathmini ya wabunge kila mwaka kwa kutegemea Hansard, yaani kumbukumbu rasmi ya yanayosemwa bungeni, na naiheshimu kazi hiyo. Lakini mbunge anaweza kusimama mara nyingi kumpongeza mwenzake tu, huku mwingine akikesha kwenye kamati akihoji makatibu wa wizara. Muulizeni yumo kamati gani na amebadilisha nini humo. Akikosa jibu, hapo mna sababu.

Naweza kujua alivyopiga kura? (Bodaboda, Thika)

Mara nyingi huwezi. Kura nyingi hupigwa kwa sauti, "ndiyo" na "la," na Spika huamua upande ulioshinda. Majina huandikwa tu kura ya mgawanyiko inapoitishwa, yaani ile ya kuhesabu mbunge mmoja mmoja. Kwangu hili ni pengo kubwa, kwa sababu mtu anayetuwakilisha hapaswi kujificha ndani ya kelele.

Na kazi ambayo Bunge halikufanya, inapimwaje? (Mwalimu, Kitui)

Swali zuri kuliko yote. Katiba ya 2010 inataka jinsia moja isizidi theluthi mbili ya wajumbe wa vyombo vya kuchaguliwa, na iliweka muda wa sheria ya kutekeleza hilo. Februari 2019 mswada ulihitaji kura 233 kati ya wabunge 349. Waliokuwepo ukumbini walikuwa 174, ukaanguka kwa kukosa idadi. Septemba 2020 Jaji Mkuu Maraga akamshauri Rais Uhuru Kenyatta alivunje Bunge kwa kushindwa huko, halikuvunjwa. Hakuna jedwali la miswada iliyopita litakalokuonyesha hayo. Chukua Katiba, orodhesha sheria inazodai na tarehe zake, kisha uangalie ipi ilichelewa na ipi haikutungwa kabisa.

Ukilazimishwa kuchagua kipimo kimoja? (Mstaafu, Voi)

Ripoti za Mkaguzi Mkuu wa Hesabu. Ibara ya 229 ya Katiba inalipatia Bunge miezi 3 tangu lipokee ripoti, liijadili na kuchukua hatua. Hapo hakuna mabishano ya nani kasema mara ngapi. Tafuta tarehe ripoti ilipowasilishwa, tarehe Bunge lilipoipitisha taarifa ya kamati, na uhesabu miezi iliyopita katikati. Anza na ripoti ya wizara inayokugusa, iwe ya maji au ya elimu, kisha mpelekee mbunge wako hesabu hiyo kwa maandishi.